easyJet na Heathrow: wanunue nafasi, wasubiri njia ya tatu au wabaki Gatwick? Tulinganishe

Mwana_Makorora (mleta mada)

Wakuu habari zenu, wazee wetu shikamooni. Kuna ubishi hapa Tanga umetuchukua jioni nyingi pale Ngamiani Barabara ya 8 na hatujaumaliza, nauleta kwenu wenye kuzijua ndege mtuweke sawa. Shirika la bei nafuu likitaka kujitanua ndani ya kiwanja kikubwa kilichokwisha jaa linafanyaje? Tumemchukua easyJet na Heathrow maana mfano wake uko wazi, shirika kubwa la bei nafuu la Uingereza halafu kwenye kiwanja hicho cha London, kikubwa kuliko vyote nchini kwake, hayupo kabisa.

Najua kuna watakaouliza mtu wa Tanga Heathrow inamhusu nini. Inamhusu. Tuna ndugu kule, tuna watoto wanasoma kule, mtu anatoka Dar na Qatar au Emirates au Turkish anashushwa Heathrow, halafu kama safari yake ni Scotland au Hispania na tiketi ya bei chee inabidi aburute mabegi hadi viwanja vingine vya London, Gatwick au Luton au Stansted, na nauli za basi na treni za kule mnazisikia.

Hali yenyewe iko hivi. Heathrow ina njia mbili tu za kuruka na kutua, na imewekewa ukomo wa miruko na mituo 480,000 kwa mwaka, ndege ikitua inahesabiwa 1 ikiruka inahesabiwa nyingine. Miaka mingi imekaa pembeni kabisa ya ukomo huo. Mwaka 2024 walipita abiria karibu milioni 84. Huwezi kuamka ukasema kesho natua saa 2 asubuhi, lazima uwe na sloti, yaani nafasi yako ya saa ile siku ile, na ukiitumia angalau asilimia 80 ya msimu basi msimu kama huo mwakani ni yako tena. British Airways na ndugu zake wa kampuni moja wameshika kama nusu ya sloti zote na hakuna siku wataamka waziache.

Njia nazoziona ni kununua sloti kwa anayeuza, au kupewa zile ambazo wakubwa wanalazimishwa kuziachia na mamlaka za ushindani, au kusubiri njia ya tatu ijengwe, au kubaki Gatwick na kujitanua hukohuko. Mimi naegemea Gatwick ila nipo tayari kubadilishwa kwa hoja.

---

Nahodha_Sahare

Kununua sahau mkuu. Tupige hesabu tu. Mwaka 2016 iliripotiwa Oman Air wamelipa dola milioni 75 kwa jozi moja ya sloti za Heathrow, yaani kutua mara 1 na kuruka mara 1 kwa siku, basi, na ndege ujitafutie mwenyewe. Sasa mpe easyJet jozi hiyohiyo na A320 yake ya viti 186. Kwenda na kurudi ni viti 372 kwa siku, kwa mwaka viti 135,780, tuseme inajaa asilimia 90 unapata abiria kama 122,000. Ile milioni 75 igawe kwa miaka 20 bila hata riba, ni dola milioni 3.75 kila mwaka, gawa kwa abiria hao unapata kama dola 31 kwa kichwa!! Hapo hujalipa mafuta, hujalipa rubani, hujalipa kiwanja chenyewe ambacho mwaka 2024 kikomo cha tozo zake kilikuwa wastani wa pauni 25 hivi kwa abiria.

Mtu anayeuza tiketi ya pauni 40 anaitoa wapi hiyo hela. Oman Air aliweza kwa sababu anapeleka ndege kubwa safari ndefu, ana madaraja ya mbele watu wanalipa maelfu, jozi moja inamtosha mwaka mzima. Kwa bei nafuu jozi moja haikusaidii kitu na jozi 20 huwezi kuzilipia.

Halafu angalia easyJet wenyewe walipotaka Gatwick walifanyaje. Mwaka 2007 walikubaliana kulinunua shirika la GB Airways kwa pauni milioni 103 na kidogo, ikaja na sloti zake za Gatwick. Thomas Cook ilipokufa 2019 wakachukua rundo la sloti za Gatwick na Bristol kwa pauni milioni 36. Rundo zima jamani, kwa hela ambayo Heathrow hupati hata jozi 1. Hao watu wanajua hesabu.

---

BintiRaskazone

Kaka Nahodha umeeleza vizuri, ngoja niongezee hiyo njia ya kupewa maana mimi nauza tiketi na habari za mashirika nazifuatilia kila siku.

IAG, ambaye ndiye mwenye British Airways, alipolinunua shirika la bmi mwaka 2012 akaambiwa achia sloti kadhaa ili ushindani usife. Zikaenda kwa Virgin Atlantic, wakaanzisha Little Red machi 2013, Heathrow kwenda Manchester, Edinburgh na Aberdeen. Ikafa septemba 2015, ndege zilikuwa zinaruka na viti vingi vitupu. Halafu Flybe nao wakapata sehemu ya sloti hizohizo, machi 2017 wakaanza Edinburgh na Aberdeen, machi 2020 shirika zima likaanguka. Likafufuliwa 2022, likarudi tena Heathrow, januari 2023 likaanguka tena.

Sisemi Heathrow ndiyo iliwaua wote, Flybe alikuwa na matatizo yake mengine makubwa na korona ikamkuta hivyohivyo. Ila angalieni kinachojirudia: sloti za kupewa zinakuja chache na zinakuja na masharti, unaambiwa tumia kwenda mji huu na huu tu. Unakuwa na safari chache kwenye kiwanja ambacho mwenzako British Airways anaondoka kila baada ya muda mfupi na ana abiria wa kuunganisha wanaotoka Hong Kong na New York. Wewe huna. Abiria wa biashara anataka akikosa ndege ya saa 11 apande ya saa 12, na kwako ya saa 12 haipo.

Waliofaulu kuingia kidogokidogo ninaowajua ni JetBlue wa Marekani, agosti 2021 walianza New York kwenda Heathrow kwa A321 zile za masafa marefu, sloti walizipata korona ilipowafanya wengi wasizitumie zao. Lakini hao wanavuka Atlantiki, bei zao ni nafuu ukilinganisha na wengine wa njia hiyo, siyo bei nafuu tunayoizungumza hapa.

---

Mbondei_Muheza

Mimi sikubaliani nanyi, na nasema wazi. Mnaongea kana kwamba bei nafuu mahali pake ni vichochoroni tu. Hiyo ni hadithi ya Ryanair wa zamani, kumshusha mtu Hahn ukamwambia umefika Frankfurt wakati mji uko zaidi ya kilomita 100 mbele. easyJet hakukua hivyo, yeye kila siku anakimbilia viwanja vikubwa. Yupo Paris Charles de Gaulle, yupo Schiphol ya Amsterdam, yupo Geneva na pale ndiye mkubwa kuliko wote na kiwanja kina njia 1 tu ya lami. Juzi tu Lufthansa wa Ujerumani alipoingia ITA, shirika la Italia, tume ya Ulaya ikamlazimisha aachie sloti, waliozichukua ni nani kama si easyJet, na mwaka 2025 wakaweka ndege zao Linate, kiwanja cha ndani kabisa ya Milan ambacho kila mtu anakililia.

Kwahiyo sloti za kupewa zinaweza kufanya kazi kama anayepewa ana nguvu. Flybe alikuwa mgonjwa. Little Red ilikuwa ya watu wa safari ndefu wanajaribu safari fupi kwa ndege za kukodi kutoka Aer Lingus, gharama juu. Msimhukumu easyJet kwa makosa ya wengine.

Na Heathrow ina kitu Gatwick haina, magharibi yote ya London na makampuni yaliyojipanga kuelekea Reading. Hao watu leo wanalipa bei ya British Airways kwa sababu hawana pengine pa kwenda karibu. Akiingia wa bei nafuu nauli zinashuka kwa wote, hata kwa asiyempanda.

---

FundiNdege_Donge

Mbondei umeongea hoja nzito ila umeruka jambo moja ambalo kwangu mimi ndilo lenyewe. MUDA.

Nimefanya kazi ya kuhudumia ndege uwanjani, siyo Ulaya, hapahapa nchini. Ndege ya bei nafuu inatafuta hela ikiwa angani tu, ikikaa chini inakula. Ryanair wanalenga kuigeuza ndege kwa dakika 25, abiria washuke, wasafishe, wapande, mlango ufungwe, na easyJet hawako mbali na hapo. Ndiyo maana hakuna mizigo ya kuunganisha, ndiyo maana wanapandisha watu mlango wa mbele na wa nyuma. Kila kitu pale kimepangwa ili ndege moja ipige mizunguko mingi kuanzia saa 12 alfajiri hadi usiku.

Sasa ipeleke Heathrow. Asubuhi inafika, inaambiwa zunguka kwanza angani, wana sehemu 4 za kuzungushia ndege, Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin, na ukifika asubuhi yenye watu wengi kuzunguka hapo ni jambo la kawaida. Ikitua inatambaa hadi jengo lake, ikitaka kuondoka inapanga foleni nyuma ya madude ya A380 na 777, na nyuma ya dude lazima uachiwe nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya upepo wake. Tuseme kila mzunguko unapoteza dakika 25 tu, mizunguko 4 ni dakika 100, jioni ule mzunguko wa mwisho hauingii tena. Na huwezi kusema utafidia usiku maana Heathrow safari za usiku zimebanwa, kati ya saa 5 na nusu usiku na saa 12 asubuhi ni 5,800 tu kwa mwaka mzima, na hizo zishachukuliwa na watu wa Asia na Afrika wanaotua alfajiri. Wote wenye basi la Tanga Dar hapa wanaelewa, likikwama foleni ya Kibaha kuja Mbezi halipati abiria wa kurudi jioni, na dereva unamlipa vilevile.

Geneva umeitaja, vizuri. Geneva easyJet ndiye mwenye nyumba, ratiba inamfuata yeye. Heathrow atakuwa mgeni anayefuata ratiba ya wenye nyumba. Kwahiyo swali la kuwepo au kutokuwepo Heathrow mimi naliweka pembeni, nauliza ataingia na ndege ngapi, na saa ngapi asubuhi. Ukimpa sloti za saa 5 mchana na saa 8, ndege itakuwa imelala nusu siku.

---

MzeeTishari

Vijana wangu nimewasoma, marahaba. Mimi ndege nimepanda chache, maisha yangu yameishia bandarini, lakini haya mnayosema nimeyaona kwa macho yangu kwenye maji.

Miaka yote mtu wa mzigo alikuwa anasema Dar, Dar, Dar. Meli zinapanga foleni nje kule na bado anataka Dar kwa sababu ndiyo jina. Sisi Tanga gatini kina kilikuwa mita 3, meli inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari halafu unaletwa gatini unashushwa tena, gharama mara mbili. Mwenye mzigo tungemlaumu vipi. Serikali ikaweka shilingi bilioni 429, ikachimbwa mpaka mita 13, gati 2 zikarefushwa kufikia mita 450, sasa meli inakuja yenyewe. Ndipo wenye mizigo wakaanza kupiga hesabu upya, maana foleni nayo ni gharama hata kama haijaandikwa kwenye risiti.

Kwahiyo nawauliza mnijibu, hiyo Gatwick yenu imechimbwa au haijachimbwa? Kama bado ina kina cha mita 3, basi huyo kijana wa Muheza ana haki ya kuililia Heathrow.

---

Mwana_Makorora

Mzee wangu shikamoo tena, swali lako limekuja mahali pake hasa.

Gatwick inachimbwa. Mpaka leo inatumia njia moja na bado mwaka 2024 imepitisha abiria kama milioni 43, hakuna kiwanja cha njia moja Ulaya kinachoifikia. Lakini pembeni kuna njia ya kaskazini, ipo miaka mingi, ilikuwa ya akiba tu ile kubwa ikifungwa, maana zimekaribiana mno haziwezi kutumika pamoja. Septemba 2025 serikali ya Uingereza imewaruhusu waisogeze mita 12 kwenda kaskazini ili zitumike zote kwa pamoja. Gharama pauni bilioni 2.2, hela za wenye kiwanja wenyewe, na inaongeza kama safari 100,000 kwa mwaka. Na hii ndiyo iliyonifurahisha zaidi, hiyo njia ya kaskazini imepangwa kwa ndege ndogo zinazoruka, A320 na 737. Yaani ndege za easyJet hizohizo. Madude yatabaki njia kuu.

Linganisha na Heathrow sasa. Njia ya tatu bunge liliipitisha juni 2018 kwa kura 415 dhidi ya 119. Februari 2020 mahakama ya rufaa ikaizuia kwa sababu ya mambo ya tabianchi, desemba mwaka huohuo mahakama ya juu ikairuhusu, ikakaa. Januari 2025 waziri wa fedha Rachel Reeves akaifufua. Mpango wa Heathrow wenyewe, ukijumlisha na majengo mapya na ukarabati, ni pauni bilioni 49, na barabara kuu ya M25 ipite chini ya njia ya ndege, ndege ya kwanza kuruka wanalenga kama 2035. Bilioni 49 atazilipa nani kama si abiria kwenye tozo? Hapo ndipo mimi bei nafuu naiona inatoka kwa mlango wa nyuma.

---

Mbondei_Muheza

Mwana Makorora usikimbie haraka. easyJet wenyewe wamesema hadharani zaidi ya mara 1 kwamba Heathrow ikitanuliwa wanataka kuingia, na walishawahi kutaja hata kuweka ndege 30 pale. Shirika linalojua hesabu, Nahodha kasema mwenyewe wanazijua, haliwezi kutaka kitu kisicho na faida. Njia ya tatu inapandisha ukomo kutoka 480,000 mpaka 756,000, hizo ni nafasi 276,000 mpya ambazo British Airways hana hati nazo. Ndege 30 zikipiga mizunguko 3 kila siku ni sloti 180 kwa siku, kwa mwaka 65,700. Haifiki hata robo ya nafasi mpya. Zipo!

---

BintiRaskazone

Kaka Mbondei hesabu zako ziko sawa kabisa ila sheria za kugawa zinakukatalia, ngoja nieleze polepole maana hapa wengi tunapita juujuu.

Sloti mpya zinapozaliwa zinaingia kwenye kapu moja. Nusu ya kapu wanapewa kwanza wageni. Tatizo ni mgeni ni nani. Kwa kanuni waliyorithi Waingereza kutoka Ulaya, mgeni ni shirika ambalo hata likipewa linachoomba litakuwa na sloti chini ya 5 kwa siku kwenye kiwanja kile. Chini ya 5 maana yake jozi 2. Ukishapata jozi 2 wewe si mgeni tena, unarudi kwenye nusu ya pili unagombania na British Airways, Virgin, Emirates, Wahindi, Wachina na kila mwenye hamu ya London. Kwahiyo easyJet anayetaka sloti 180 kwa siku anapewa heshima ya mgeni kwa sloti 4 tu. Sheria ilitungwa kusaidia wadogo wengi waingie, matokeo yake inazalisha wengi wenye vipande vidogovidogo na hakuna hata mmoja wa kumtikisa mkubwa. Yale ya Flybe yatajirudia.

Kwa hiyo ninavyoona mimi siku mkisikia Uingereza wamebadilisha kanuni ya kugawa sloti, wakaruhusu shirika moja lipewe fungu kubwa kwa mkupuo, siku hiyo nitahamia upande wa Mbondei. Zege la njia ya tatu peke yake halitoshi.

---

FundiNdege_Donge

Dada umegonga. Na mfano upo wa aliyeingia kiwanja kikubwa akatoka. Ryanair 2016 walitangaza wanaingia Frankfurt yenyewe, 2017 wakaanza, kiwanja kiliwapa punguzo la tozo kwa safari mpya, Lufthansa wakanuna kweli. Mwisho wa machi 2022 wakafunga kituo chao pale wakaondoka, walisema tozo zimepanda. Ryanair ndege zake zina matairi, kesho anazihamishia kwingine. Lakini angekuwa amenunua sloti kwa mamilioni asingeweza kuondoka hivyo, angebaki anakula hasara kulinda alichonunua. Kuna nguvu kwenye kutofungwa na kiwanja.

Kuna Southwest pia, shirika la bei nafuu la Marekani, kule Chicago kwenye viwanja viwili, Midway na O'Hare. Miaka na miaka alikaa Midway, akaiacha O'Hare kwa wakubwa, akakua pale mpaka akawa ndiye Midway. O'Hare aliingia februari 2021 akiwa tayari na nguvu zake, na Midway hakuiacha.

---

Kijana_Kange

Samahanini wakubwa mimi naomba turudi nyumbani kidogo. Hapa kwetu Fastjet ilikuwa bei nafuu na ilikuwa Dar, kiwanja kikubwa, mbona ilikufa? Maana kama sababu ni kiwanja kujaa basi na sisi tusitegemee tena.

---

Nahodha_Sahare

Dogo hiyo ni habari nyingine kabisa, usiichanganye. Fastjet walianza novemba 2012 na Airbus A319, Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli zilianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na nyuma yake alikuwepo Stelios Haji-Ioannou yuleyule aliyeanzisha easyJet pale Luton mwaka 1995. Watu walipanda ndege mara ya kwanza katika maisha yao kwa sababu ya wale. Dar haikuwa imejaa hata kidogo, na 2019 ndiyo kwanza likafunguliwa jengo la 3 la abiria milioni 6 kwa mwaka. Kilichowamaliza mwishoni mwa 2018 hakikuwa sloti. Gharama nyingi zilikuwa za dola wakati mapato ni shilingi, abiria wa kujaza A319 mara nyingi kwa siku hawakuwa wengi kiasi walichotarajia, na kuanzia 2016 ATCL, shirika letu la taifa, ikarudi na ndege mpya.

Kwa hiyo kwetu kiwanja kina nafasi ila wenye kulipa ni wachache, London wenye kulipa wamejaa ila kiwanja hakina nafasi. Ukitaka wa kufananisha Afrika Mashariki muangalie Jambojet, yupo JKIA ya Nairobi tangu aprili 2014, kiwanja cha njia moja yenye shughuli nyingi, lakini yeye mama yake ni Kenya Airways. Ana pa kuegemea. Hata Heathrow bei nafuu walioshika nafasi miaka ya nyuma, kama Vueling na Germanwings, walikuwa watoto wa wenye sloti. Asiye na mzazi pale anateseka.

Na Tanga yetu tuseme ukweli, njia ya uwanja wetu ni fupi, tunahudumiwa na vindege vya Caravan vinavyopitia Pemba na Unguja. Kabla ya kuomba bei nafuu tuombe lami ndefu.

---

Mama_wa_Pongwe

Wanangu nimefuatilia yote, mmenifunza mengi. Mimi ni abiria tu. Kijana wangu anaanza chuo Glasgow mwezi wa 9 na nimeshaumwa tayari na mambo haya, mwaka jana kwenda kumuona dada yangu nilikata tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikanishusha Heathrow na ya pili ya bei nafuu ikawa inaondokea kiwanja kingine, ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaniacha, na hela haikurudi. Shirika silitaji. Sasa kwa haya mnayosema Heathrow haitapata bei nafuu karibuni, mimi nifanyeje?

---

MzeeTishari

Pole sana mama. Hapo Binti Raskazone ndiye wa kukujibu, hii ndiyo kazi yake. Mimi nimeridhika na jibu la Gatwick, kama wanachimba basi mwenye meli ndogo akae anapochimbiwa.

---

BintiRaskazone

Shikamoo mama. Pole kwa yaliyokukuta, yanawatokea wengi kwa sababu tiketi mbili ambazo haziko kwenye mkataba mmoja kila shirika linasema la mwenzangu halinihusu.

Usianze kutafuta kwa kuandika London tu, andika Gatwick. Emirates, Qatar na Turkish wote wanatua na Gatwick pia, siyo Heathrow peke yake, na Ethiopian nao wameanza Gatwick novemba 2023. Hao wote kutoka Dar unawapata kwa kubadilisha ndege mara 1 tu kwenye mji wao. Hata Uganda Airlines walipoanza London mei 2025 walikwenda Gatwick. Ukishatua hapo, easyJet ya Glasgow inaondokea hapohapo, hamna basi hamna treni.

Ila angalia mambo mawili. Kwanza bado ni tiketi mbili, kwahiyo uhamiaji utapita na mabegi utayachukua na kuyakabidhi upya, acha masaa ya kutosha katikati, mimi wateja wangu nawaambia yasipungue 5, na kama ya kwanza inatua usiku bora alale ya pili iwe ya asubuhi. Pili begi la easyJet linalipiwa mbali, lipia mapema mtandaoni kabla hajafika uwanjani maana pale bei inapanda, na mwanafunzi anayehama na kilo zake huko ndiko unafuu wote unakopotelea.

Halafu kabla hujalipa linganisha na tiketi moja ya British Airways au Emirates mpaka Glasgow, Emirates anafika Glasgow moja kwa moja kutoka Dubai. Kuna miezi tofauti inakuwa ndogo kiasi kwamba tiketi moja ndiyo bora, akichelewa wanamtafutia ndege nyingine wao wenyewe. Septemba wanafunzi ni wengi, usingoje agosti. Nitumie tarehe zake kwa siri nikupigie hesabu ya zote mbili.

---

Mbondei_Muheza

Dada mimi bado nabaki na Heathrow yangu, ila kwa huyo kijana mpeni tiketi moja.